Kidole kinanasa, kinafyatuka: je, sindano inaweza kushika nafasi ya kisu?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 47, niko Morogoro. Kisukari ninacho mwaka wa sita sasa, natumia vidonge. Tangu miezi mitano iliyopita kidole cha pete cha mkono wa kulia kinanasa. Nikiamka asubuhi nakikuta kimejikunja, mpaka nikivute kwa mkono wa kushoto ndipo kinafyatuka "ta!" na maumivu yanaingia hadi kiganjani. Miezi miwili iliyopita nilichomwa sindano kiganjani, nikapata nafuu wiki tatu, kikarudi vilevile. Sasa naona na kidole gumba kimeanza. Hospitali wameniambia kinachofuata ni kupasuliwa. Kaka yangu anayefanya kazi Maskati anasema yeye chake kilifunguliwa kwa sindano tu, hakushonwa hata uzi mmoja, akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Je, ni kweli? Na mimi mwenye sukari inanifaa? Naogopa kisu, daktari. Mkono huu ndio unaosomesha watoto.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kaka yako hakukudanganya. Kidole kinachonasa kinaweza kufunguliwa kwa ncha ya sindano bila kupasua ngozi, na watu wengi wamepona kwa njia hiyo. Lakini kabla hujaanza kutafuta nani atakufanyia, nataka uelewe jambo moja: kinachokatwa ndani ni kilekile, iwe kwa sindano au kwa kisu. Tofauti ni kwamba mwenye kisu anakiona anachokikata, na mwenye sindano anakihisi tu. Hilo ndilo linaloamua kidole kipi kifanyiwe nini. Na wewe umeniletea vidole viwili, cha pete na gumba, ambavyo jibu langu kwa kila kimoja ni tofauti.

Wewe ni fundi, basi nikueleze kwa kazi yako. Unapopitisha lastiki kwenye upindo wa kiuno cha sketi, unaifunga pini mbele kisha unaisukuma polepole. Upindo ukiwa na nafasi, inateleza. Upindo ukiwa umebana, au lastiki ikiwa imejifunga fundo, inafika mlangoni inagoma. Unavuta, inagoma, unavuta kwa nguvu, mara inaruka ghafla upande wa pili. Kidole chako kinafanya hivyohivyo kila asubuhi.

Misuli inayokunja vidole haikai vidoleni, inakaa huku juu, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Inavivuta vidole kwa kano, zile kamba nyeupe ngumu ambazo kwa kuku unazijua. Kila kidole kina kano mbili za kukunjia, gumba lina moja, nazo zinapita ndani ya ala laini kama kisu ndani ya ala yake. Ili kano zisiinuke kutoka kwenye mfupa kila unapofumba mkono, zimefungwa kwa pete ngumu za nyama. Nitaziita vikuku, tusije tukazichanganya na kidole chako cha pete. Vidole vinne vina vikuku vitano kila kimoja. Kikuku cha kwanza kiko kiganjani, kwenye shina la kidole, na hapo ndipo karibu kila kidole kinachonasa kinaponasia. Kikuku kimekuwa kinene, kano nayo imevimba mahali pamoja, na mlango umekuwa mdogo kuliko kinachopita.

Ukitaka kukihisi, tazama kiganja chako cha kulia. Kuna mstari ulio karibu zaidi na vidole. Weka ncha ya gumba la kushoto juu ya mstari huo, chini kabisa ya kidole cha pete, bonyeza, kisha kunja na kunyoosha kidole polepole. Utahisi kijigololi kinapita chini ya gumba lako, kinagota, kisha kinaruka. Daktari Mfaransa, Alphonse Notta, alikielezea kijigololi hicho mwaka 1850, na mpaka leo madaktari wanakiita kwa jina lake. Watu wengi wanadhani tatizo liko kwenye kiungo cha katikati ya kidole kwa sababu ndipo panapouma na kufyatuka. Wanapaka dawa pale, wanachuliwa pale, wakati mlango uliobana uko kiganjani.

Kwa nini wewe? Katika watu wote, 2 au 3 kati ya 100 hupata tatizo hili maishani mwao. Kwa wenye kisukari inafikia 10 kati ya 100, na kwao hupenda kushika kidole zaidi ya kimoja, kama ilivyoanza kwako. Sukari ikikaa juu kwa miaka inajishika kwenye nyuzi za kano na vikuku, zinakuwa nene na ngumu. Wanawake wanapata zaidi ya wanaume, hasa kati ya miaka 40 na 60. Baridi yabisi, jongo na tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu nazo huchangia, kwa hiyo kama hujawahi kupimwa tezi, ulizia kipimo hicho siku utakayokwenda. Kuhusu cherehani, sitaitupia lawama yote. Ila mikasi mikubwa ya kukatia vitambaa inanipa mashaka: mpini wake wa chuma unabonyeza shina la vidole, juu kabisa ya kikuku cha kwanza, mamia ya mara kwa siku. Nitairudia mikasi hiyo mwishoni.

Sasa tuje kwenye sindano uliyochomwa. Usiichanganye na sindano ya kaka yako. Yako ilikuwa ya dawa, steroidi, inayoshusha uvimbe wa kano na ala yake ili mlango upate nafasi. Ya kaka yako haikutia dawa ya kuponya, ilifanya kazi ya kisu. Ile ya dawa ni tiba nzuri na ndiyo ninayoanza nayo kwa wagonjwa wengi. Utafiti wa Brazili uliochapishwa mwaka 2012, ukiwa na wagonjwa 137 na vidole 150, ulilinganisha njia tatu: sindano ya dawa, kukata kwa sindano, na kupasua. Baada ya miezi 6, sindano moja ya dawa ilikuwa imeponya vidole 57 katika kila 100. Waliorudiwa sindano ya pili, jumla ikapanda hadi 86. Waliokatwa kwa sindano na waliopasuliwa walipona wote. Soma sehemu hiyo ya mwisho mara mbili: kati ya sindano ya kukata na kisu, uponaji haukutofautiana.

Kwa wenye kisukari, sindano ya dawa haifiki huko. Inashindwa mara nyingi zaidi, hasa kwa waliokaa na tatizo muda mrefu na wenye vidole vingi. Wiki tatu za nafuu ulizopata zinaniambia mambo mawili. Kwanza, aliyekuchoma alilenga pazuri. Pili, kikuku chako cha kidole cha pete kimekwishakuwa kinene kiasi kwamba dawa haikitoshi. Ungekuwa mbele yangu ningekwambia sindano ya pili inaruhusiwa, lakini nisingekupa matumaini makubwa, na ya tatu kwenye kidole hichohicho nisingeitoa. Steroidi ikirudiwarudiwa inadhoofisha kano, na mara chache sana kano imekatika. Inaweza pia kuacha doa jeupe kwenye ngozi, jambo ambalo kwa ngozi zetu linaonekana waziwazi, hata kama mara nyingi rangi hurudi baada ya miezi. Na kuna jambo ambalo pengine hukuambiwa: steroidi hiyo, ingawa imechomwa kidoleni, inapandisha sukari ya mwili mzima kwa siku moja hadi tano. Kama siku zile ulijisikia kiu na kukojoa sana, sababu ni hiyo. Ukichomwa tena, pima sukari kila siku kwa wiki nzima.

Haya, sindano ya kukata. Wazo lenyewe si jipya. Daktari Lorthioir wa Ubelgiji aliandika mwaka 1958 jinsi ya kukata kikuku chini ya ngozi kwa kisu chembamba kinachoingia kwenye kitundu kidogo. Mwaka 1992, madaktari wa Uingereza, Eastwood na wenzake, wakaonyesha kwamba sindano ya kawaida ya hospitali inatosha. Leo wengi tunatumia namba 18, ile ya kitako cha waridi, au nyembamba kidogo kuliko hiyo. Wengine wana visu vidogo vilivyopinda mfano wa ndoana. Wengine wanafanya huku wanatazama kwenye skrini ya ultrasaundi, na hao wanajiongezea macho ambayo sindano peke yake haina.

Nikupitishe kwenye kazi yenyewe, maana ukiijua hofu itapungua. Unalala au unakaa, kiganja juu, mkono umeoshwa kwa dawa. Unachomwa ganzi kwenye ule mstari wa kiganja, na hapo ndipo penye maumivu, sekunde chache za kuungua. Tukisubiri kidogo, unabonyezwa na kuulizwa kama unahisi makali. Kisha kidole chako kinawekwa juu ya kitambaa kilichokunjwa na kupindwa nyuma kidogo. Si kwa urahisi wa daktari tu: kidole kikipindwa nyuma, kano inasogea karibu na ngozi, na neva, zile nyuzi zinazopeleka hisia, pamoja na mishipa ya damu inayopita kando yake zinazama chini na kujitenga.

Sindano inaingia wima. Hapo nitakwambia: kunja ncha ya kidole kidogo. Kama sindano inacheza huku na huku kama mshale wa mizani, nimezama mno, niko ndani ya kano. Narudi nyuma milimita moja au mbili mpaka ukikunja haichezi. Sasa ncha iko kwenye kikuku. Naugeuza ukali wa ncha ulale sambamba na kano, nisiukate uzi wa kano kwa upana, kisha nasogeza mbele na nyuma kwa urefu wa kidole. Inasikika, na vidole vyangu vinahisi, mkwaruzo kama mikasi butu inapopita kwenye jinzi. Kikuku chenyewe hakizidi sana sentimita moja. Mkwaruzo ukiisha ghafla, kazi imekwisha. Nachomoa, nakwambia funga ngumi, fungua, funga, fungua. Kisipofyatuka tena, tumemaliza. Sijawahi kuchoka kutazama uso wa mgonjwa anapofungua ngumi mara ya kwanza na kidole kikafuata vingine kimyakimya. Mpishi mmoja wa maandazi alifunga na kufungua mara ishirini hivi kabla hajaniamini.

Tundu linafunikwa plasta. Hakuna uzi. Hapa kaka yako yuko sahihi kabisa.

Lakini sasa sikiliza upande wa pili. Kwa sababu daktari haoni, mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza na la kawaida zaidi ni kikuku kutokatika chote, ukarudi nyumbani ukifurahi na baada ya wiki kidole kikaanza tena kunasa. Hilo si janga, linamalizwa kwa kupasua. La pili ni neva kuguswa au kukatwa, ukabaki na ganzi upande mmoja wa kidole. Ni nadra kwa mwenye uzoefu, lakini likitokea linadumu, na fundi asiyehisi sindano ya cherehani kwenye ncha ya kidole ni fundi aliyepoteza nusu ya kazi yake. Mikwaruzo midogo juu ya kano hutokea pia, na mara nyingi inapona bila mgonjwa kujua. Na ikitokea daktari akaendelea mbele hadi kikuku cha pili, kano inaweza kuinuka kama uzi wa upinde kila ukifumba mkono. Kikuku cha pili hakiguswi.

Hapo ndipo kidole chenyewe kinapoamua. Kano za kidole cha kati na cha pete zinapita kiganjani zikiwa zimenyooka, na neva zimekaa kando kwa adabu. Hivi ndivyo vidole vinavyofaa zaidi kwa sindano. Kidole cha shahada na cha mwisho kano zao zinakuja kwa mshazari, kwa hiyo vinataka mkono mwangalifu zaidi. Gumba lina shida yake: neva moja, ile ya upande wa nje, inakatiza juu ya kano jirani kabisa na kikuku, tena chini kidogo tu ya ngozi. Kuna madaktari wanaokata gumba kwa sindano na kufanikiwa, hasa wenye ultrasaundi. Mimi sifanyi. Gumba langu mwenyewe nisingekubali lifanyiwe hivyo bila kuonekana.

Kwa hiyo kwa kidole chako cha pete, ndiyo, sindano inafaa, ilimradi unayemwendea ameshazifanya nyingi. Kama hospitali yako daktari amebobea kwenye kupasua na hajazoea sindano, basi mwache afanye anachokijua, na usione kwamba umepata tiba ya daraja la pili. Kisu unachokiogopa kinapasua sentimita moja au moja na nusu tu, kwa ganzi ya pale pale, ukiwa macho, dakika kumi hadi ishirini. Zamani tulikuwa tunafunga mkono kwa mpira juu ili damu isitoke, na mpira ule ndio uliokuwa ukiwaumiza watu kuliko kisu. Daktari Donald Lalonde wa Kanada ni mmoja wa walioeneza njia ya kuchanganya ganzi na adrenalini, dawa inayobana mishipa ya damu, damu inakauka yenyewe, mpira hauhitajiki. Sisi wa zamani tulifundishwa kwamba adrenalini kidoleni inakiua kidole. Imethibitika kwamba kwa kipimo sahihi hofu ile haikuwa na msingi. Faida yake kubwa ni kwamba unafunga na kufungua ngumi daktari akitazama kano inavyoteleza, kabla hajashona.

Gumba lako sasa. Umesema limeanza tu. Kwa hilo usikimbilie kukata kwa namna yoyote. Hapo banzi na sindano moja ya dawa vina nafasi nzuri. Banzi ni kishikizo kidogo cha plastiki kinachozuia kiungo cha gumba kisikunjwe hadi mwisho, unalivaa hasa usiku kwa wiki sita na kuendelea. Usiku ndipo tunapolala tumefumba mikono, na ndiyo maana asubuhi ndiyo mbaya. Likishindikana, gumba lipasuliwe, neva ikionekana na kusogezwa kando.

Kuna suala la muda ambalo naomba ulishike. Ulichomwa steroidi miezi miwili iliyopita. Kukata kidole, kwa sindano au kwa kisu, mapema baada ya steroidi kunaongeza hatari ya kidonda kuingia vijidudu, kwa sababu dawa hiyo inapunguza ulinzi wa mahali pale. Wengi wetu tunasubiri miezi mitatu itimie. Una mwezi mmoja mbele yako. Utumie kushusha sukari. Kama kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hujakifanya siku za karibuni, kifanye sasa; kikiwa kibaya, daktari wako wa kisukari arekebishe dawa kwanza. Kidole kimesubiri miezi mitano, kitasubiri wiki nyingine chache.

Nalisisitiza hili kwa sababu naijua mikono ya wenye kisukari wa pwani yetu na bara. Kati ya mwaka 1998 na 2002, madaktari wa Dar es Salaam waliandika juu ya wagonjwa wa kisukari waliokuja na mikono iliyooza kutokana na vitu vidogo kabisa: mchubuko, kuumwa na mdudu, mwiba. Kilichowaangamiza si ukubwa wa jeraha, ni kuchelewa. Wengine walikatwa vidole, wengine mkono, wengine hawakurudi nyumbani. Tatizo hilo dunia ya madaktari inalijua na linafundishwa. Sikuambii haya uogope sindano; inayofanywa kwa usafi, kwa mtu aliyetuliza sukari, ni salama. Nakuambia ili usikubali kufanyiwa kwenye duka la dawa au nyumbani kwa mtu, na ili ujue dalili za kukutoa nyumbani usiku huohuo. Baada ya sindano yoyote ya kidole, kikivimba chote mfano wa ndizi, kikabaki kimekunjwa nusu, kikauma ukibonyeza kuanzia kiganjani hadi kwenye ncha, na mtu mwingine akijaribu kukinyoosha unapiga kelele, hizo ni dalili za usaha ndani ya ala ya kano. Usisubiri asubuhi, usimeze vidonge vya mtaani. Nenda hospitali inayopasua.

Na kwa sababu hiyohiyo: acha maji ya moto kama wamekushauri. Wenye kisukari wa muda mrefu wengine vidole vyao havihisi joto vizuri, wanaungua bila kujua. Maji ya uvuguvugu asubuhi, yaliyojaribiwa kwa kiwiko, hayana ubaya na yanalainisha. Kuchanjwa kwa wembe usikubali. Kuchuliwa kwa nguvu juu ya kile kijigololi kunazidisha uvimbe, hata kama mafuta yananukia karafuu. Na usikifyatue kidole makusudi mara kwa mara kuwaonyesha watu. Kila kufyatuka ni kano kusagwa kwenye ukingo wa kikuku.

Nina jaribio moja nataka ulifanye kabla ya kwenda. Kutanisha viganja vyako kama mtu anayeomba kanisani, vidole vikielekea juu, na ujaribu kuvibana vigusane kuanzia shina hadi ncha. Kama vinabaki na upenyo katikati kwenye mikono yote miwili, sukari imeshakaza viungo na ngozi ya mikono, na hilo ni tatizo la pili lililo juu ya la kwanza. Kukata kikuku kutaondoa kunasa lakini hakutanyoosha ukakamavu huo. Vivyo hivyo, kama kiungo cha katikati cha kidole cha pete hakinyooki kabisa hata baada ya kufyatuka, mwambie daktari kabla ya tiba, ili baadaye usije ukadhani ameharibu. Kidole kilichokaa kimekunjwa miezi kadhaa kinahitaji wiki za mazoezi, na wakati mwingine hakirudi asilimia mia. Na kama usiku unaamka vidole vitatu vya mwanzo vimekufa ganzi, litaje pia: neva ya kifundo cha mkono hubanwa kwa watu walewale.

Baada ya tiba kwa sindano, mkono unautumia siku hiyohiyo kwa kazi nyepesi: kula, kuvaa, kushika simu. Kiganja kikae kikavu siku mbili. Kama unatawadha, funika na umuulize shehe wako kuhusu kupaka juu ya bandeji. Kama umepasuliwa, kikavu hadi nyuzi zitolewe, siku kumi hadi kumi na nne. Kwa njia zote mbili, funga ngumi kamili na kufungua mara kumi, mara kadhaa kwa siku, kuanzia jioni ya kwanza. Itauma kidogo, ifunge hivyohivyo. Kidole kisichotumiwa baada ya kukatwa kikuku kinashikana na kovu. Cherehani unaweza kurudi ndani ya wiki moja hivi kwa sindano, wiki mbili au tatu kwa kisu. Kukata vitambaa vizito kusubiri wiki nyingine kadhaa, kwa sababu kiganja kitakuwa na maumivu ukikibonyeza hata baada ya kidole kuwa huru. Hayo yanaisha.

Msomaji mwingine huenda anasoma hapa akiwa na mtoto ambaye gumba lake halinyooki. Hilo ni tatizo lingine, kwa watoto wengi linajifungua lenyewe kadiri wanavyokua, halichomwi steroidi wala kukatwa kwa sindano. Mpeleke kwa daktari wa mifupa alione, asubiriwe.

Ukienda kwa daktari wako wa mifupa, Morogoro au ukipewa rufaa kwenda MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, mwambie tarehe ya sindano uliyochomwa, mpe majibu ya sukari, kisha muulize maswali haya bila aibu: "Daktari, kidole cha pete umeshakifungua kwa sindano mara ngapi? Utatumia ultrasaundi? Kikibaki kinanasa, utakipasua siku hiyohiyo au nirudi?" Daktari mzuri hakasirishwi na maswali hayo. Akikwambia, "Mama, mimi napasua tu, sindano sijazoea," mwamini zaidi, na umkubalie apasue.

Wakati unasubiri mwezi huo mmoja, chukua ile mikasi ya kukatia. Zungushia mipini yake kitambaa laini, tabaka mbili au tatu, upate kushika kitu kinene badala ya chuma chembamba. Kata ukiwa umesimama, kitambaa kimelala mezani, bega ndilo lisukume badala ya kiganja. Mpe mwanafunzi wako akate khanga na vitenge, wewe baki na kushona. Na usiku funga kidole cha pete pamoja na cha kati kwa plasta laini isiyobana, juu ya kijiti cha aiskrimu kilichozungushiwa pamba upande wa kiganja, kisijikunje umelala. Kila asubuhi uvue na kukagua ngozi chini ya plasta kabla hujaanza kazi.